Mnada wa mtandaoni: dau langu lilikuwa la juu kabisa, mbona mashine haikuuzwa?

MkamuajiWaNzuguni aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naishi Nzuguni, hapa Dodoma, na nina mashine moja ndogo ya kukamua alizeti ambayo msimu uliopita ilizidiwa na kazi, kwa hiyo nimekuwa nikitafuta ya pili, iliyotumika lakini nzima. Nimeipata moja kwenye tovuti ya minada, ikiwa pamoja na chujio lake na mota ya fezi tatu. Iko Manyoni, na bei ya kuanzia iliandikwa shilingi 2,000,000.

Katika mnada wa kwanza nilishindana na mtu mmoja hadi akaachia, dau langu likabaki juu kwa shilingi 5,600,000. Muda ukaisha. Nilitegemea kupata ujumbe wa kulipia, badala yake nikakuta maandishi mekundu: "Bei ya chini ya muuzaji haikufikiwa." Hakuna aliyenipigia simu. Baada ya wiki mbili mashine ileile, kwa picha zilezile, ikarudishwa mnadani.

Safari hii nimeandika kiwango changu cha mwisho, shilingi 7,500,000, kwa sababu tovuti inaeleza kwamba mfumo utanipandishia kidogo kidogo kadiri ninavyopingwa. Dau lililokuwapo lilikuwa 4,000,000 na kila hatua ni shilingi 100,000, kwa hiyo nilitarajia kuona 4,100,000. Mara tu nilipothibitisha, dau langu likaruka hadi 6,500,000, ilhali orodha ya washiriki haikuonyesha mtu mwingine aliyeweka chochote baada yangu. Zimebaki siku mbili.

Naomba kuelimishwa. Je, kuna mtu wa muuzaji anayenipandishia bei kwa siri? Kama muuzaji alikuwa anataka 6,500,000, kwa nini asiandike hivyo tangu mwanzo tukajua moja? Na je, naweza kuliondoa dau langu sasa?

DalaliMstaafu alijibu:

Ndugu Mkamuaji, nimefanya kazi ya udalali kwa miaka mingi, kwanza kwa nyundo mkononi na baadaye kwa kompyuta, na ulichokiona kinaelezeka vizuri bila kumtafuta mwizi.

Katika mnada wa namna hiyo muuzaji ana bei mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni bei ya kuanzia, ambayo kila mtu anaiona na ambayo huwekwa chini ili watu wavutike kuingia. Ya pili ni bei ya chini ya siri, ambayo muuzaji ameuandikia mfumo peke yake, na isipofikiwa hana wajibu wa kuuza hata kama madau yamefika arobaini. Mfumo haukutajii ni kiasi gani. Unakuambia tu kama imefikiwa au haijafikiwa. Ndiyo maana katika mnada wa kwanza ulikuwa mwenye dau la juu, lakini hukuwa mnunuzi.

Sasa tuje kwenye huko kuruka. Unapoandika kiwango chako cha mwisho, mfumo hukilinganisha na bei ile ya siri. Kama kiwango chako kiko chini yake, mfumo unakupandisha hatua kwa hatua juu ya mpinzani wako kama kawaida, na maandishi mekundu yanabaki palepale. Kama kiwango chako kimeifikia au kimeipita, mfumo unalisogeza dau lako hadi kwenye bei ya siri kwa mkupuo mmoja, awepo mpinzani au asiwepo. Ndivyo inavyofanya eBay, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, na tovuti nyingine za minada zina utaratibu kama huo. Wewe uliandika 7,500,000, bei ya siri ilikuwa 6,500,000, dau lako likapelekwa 6,500,000. Fungua tena ukurasa wako uangalie: maandishi mekundu yatakuwa yametoweka na sasa unaambiwa kwamba bei ya chini imefikiwa. Kuanzia dakika ile muuzaji amefungwa. Muda ukiisha bila mtu kukupita, mashine ni yako kwa 6,500,000, wala si kwa 7,500,000.

Hiyo milioni moja iliyobaki bado ni yako na bado inakulinda. Akitokea mtu akaandika 6,800,000, mfumo utakupeleka 6,900,000. Akiandika 7,500,000 sawasawa na wewe, kwa kawaida aliyetangulia ndiye anayebaki juu. Kwa hiyo usiwe mtu wa kuingia kila saa na kuongeza kwa wasiwasi. Nimeona wanunuzi wengi wazuri wakiharibikiwa hapo, mtu anaanza akitaka trela na anamaliza akitaka tu kumshinda mwenzake.

Kuhusu watu wa kupandisha bei kwa niaba ya muuzaji, wapo, sikufichi. Dalili zao ni nyingine kabisa: akaunti mpya isiyo na historia, inayoshiriki minada ya muuzaji mmoja tu, inayoongeza mara nyingi kwa hatua ndogo kana kwamba inapapasa kujua kiwango chako kinaishia wapi, na pengine inaliondoa dau lake ikishakipata. Kuruka mara moja bila jina jipya kwenye orodha hakufanani na hilo. Ukiziona dalili hizo katika siku mbili zilizobaki, piga picha ya ukurasa na uwaandikie wenye tovuti.

Jambo moja ambalo ningekushauri mapema kama ungeuliza mapema: mnada wa kwanza ulipofungwa bila mauzo, tovuti nyingi humruhusu muuzaji kumpelekea mwenye dau la juu pendekezo la bei, na wewe pia ungeweza kumwandikia kupitia tovuti hiyohiyo ukamwambia bado unaihitaji. Pengine mngekutana kwenye 6,000,000. Lakini mazungumzo na malipo yote yafanyike ndani ya tovuti, kwa sababu ukishatoka nje yake umepoteza ulinzi wake wote.

MamaWaKongwa alijibu:

Naomba kumjibu kaka swali lake la pili, la kwa nini tusiandike bei hiyo waziwazi, kwa sababu mimi nimekuwa upande wa muuzaji.

Nilikuwa na pawatila iliyoachwa na marehemu mume wangu. Niliogopa kwamba nikiiweka kwa bei ya kuanzia peke yake, anaweza kutokea mtu mmoja siku ambayo wengine hawana mtandao, akaichukua kwa bei ya baiskeli. Nikaanzia 1,500,000, kisha nikaweka bei ya siri 5,000,000. Mara ya kwanza watu walifika 3,700,000 wakaacha. Mara ya pili walifika 3,900,000 wakaacha. Tovuti ilinitoza ada ya kuweka bei ya siri mara zote mbili, iuzwe isiuzwe, kwa hiyo wanaofikiri muuzaji anaficha bei bila gharama yoyote wajue kwamba si kila mahali ni bure.

Mara ya tatu niliiondoa ile siri nikaandika bei ya kuanzia 3,500,000, bei ambayo ningeikubali hata angekuja mtu mmoja tu. Walikuja wawili na ikaishia 4,400,000. Nilipokaa na daftari niligundua kwamba 5,000,000 niliipata kwa kuangalia tuliinunua kiasi gani na tulivyoihangaikia, sikuangalia pawatila za umri ule zinauzwaje. Kwa hiyo muuzaji wako, kaka, pengine hana nia mbaya. Ana hofu tu.

Hata kwenye mnada wa mifugo wa Msalato, mwenye ng'ombe anaingia na bei yake moyoni. Isipofikiwa anamswaga ng'ombe wake kurudi nyumbani, na hakuna anayesema amedhulumiwa. Wenzetu wa ufuta na mbaazi, mazao yao yanapouzwa kwa mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania kupitia vyama vya ushirika, husomewa bei zilizotolewa na wanunuzi kisha wao wenyewe wanaikubali au wanaikataa. Tofauti ni kwamba wao wanaisema bei yao baada ya kuyaona madau, na mwenye mashine ya Manyoni aliiandika kabla.

MsomajiWaSheria alijibu:

Nijibu swali la tatu, la kuondoa dau, kisha niongeze jambo ambalo wengi hulisahau.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na kanuni yake kuhusu minada ni kwamba mauzo hukamilika dalali anapogonga nyundo au anapotangaza kwa namna nyingine inayozoeleka. Kabla ya hapo mshiriki anaweza kuliondoa dau lake. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko sheria yenyewe, kwani mahakama ya Uingereza ilikwisha kuiamua mwaka 1789 katika shauri la Payne dhidi ya Cave, ikisema kwamba dau ni ombi tu hadi likubaliwe. Hata hivyo, kwenye tovuti ulibofya kwamba umekubali masharti yake, na masharti ya tovuti nyingi huruhusu kuondoa dau kwa sababu chache tu, kama vile kukosea tarakimu au muuzaji kubadilisha maelezo ya bidhaa. Yasome kabla hujafanya lolote, hasa kama umeweka amana.

Sheria hiyohiyo inasema mnada unaweza kutangazwa kuwa na bei ya chini, na kwamba muuzaji haruhusiwi kujiwekea dau, yeye wala mtu aliyemtuma, isipokuwa haki hiyo iwe imetajwa waziwazi. Kwa hiyo mpaka uko bayana: kuweka kiwango cha siri na kukitangaza kuwa kipo ni halali, lakini kumtuma shemeji apandishe bei ni udanganyifu. Katika kumbi kubwa za London kama Christie's na Sotheby's, dalali huweza kuweka madau kwa niaba ya muuzaji hadi yanapokaribia bei ya siri, lakini jambo hilo limeandikwa kwenye masharti yao, na kwa kawaida bei hiyo ya siri haizidi kadirio la chini lililochapishwa kwenye orodha ya bidhaa. Laiti tovuti zetu zingeiga hilo la kadirio, malalamiko kama ya ndugu Mkamuaji yangepungua sana.

Jambo linalosahaulika ni upande wa pili wa bei ya chini, yaani mnada uliotangazwa kwamba hauna bei ya chini. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Barry dhidi ya Davies. Mashine mbili mpya za kupimia injini, ambazo kila moja dukani ilizidi paundi 14,000, ziliingizwa kwenye mnada usio na bei ya chini. Mtu mmoja tu aliweka dau, paundi 200 kwa kila moja. Dalali akaona aibu kuziachia kwa bei hiyo, akaziondoa mnadani. Mahakama ilimwamuru amlipe mnunuzi yule fidia ya paundi 27,600, kwa sababu anayetangaza kwamba hakuna bei ya chini amejifunga kumuuzia mwenye dau la juu, hata liwe dogo namna gani. Muuzaji anayejiuliza kama aweke au asiweke bei ya chini aikumbuke hukumu hiyo.

Nyumba na viwanja vilivyowekwa rehani vina utaratibu wake na visichanganywe na mashine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 133, inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayoweza kupatikana, na ardhi ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei za ardhi inayolingana nayo sokoni, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo.

MwalimuWaUchumi alijibu:

Nafundisha uchumi hapa Dodoma, na naomba nieleze kwa nini bei ya siri haipaswi kubadilisha dau la mnunuzi hata kidogo, kwa kuwa naona swali la ndugu yetu linaelekea huko.

William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba mshindi anapolipa kulingana na dau la aliyemfuata, na si dau lake mwenyewe, njia bora ni kuandika thamani halisi ya kitu kwako, usipunguze wala usiongeze. Mfumo unaokupandishia dau unafanana sana na hali hiyo, na bei ya chini ya siri ni kama mshindani mmoja zaidi aliyekwisha kuandika kiwango chake. Ukimzidi, unalipa kiwango chake au cha mpinzani wako, kilicho kikubwa. Usipomzidi, maana yake muuzaji anakithamini kitu kile kuliko unavyokithamini wewe, na hakuna hasara uliyoipata. Ukiandika pungufu ili "kumpima muuzaji", utaishia kama kwenye mnada wako wa kwanza: uliishia 5,600,000 ilhali moyoni ulikuwa tayari kwa 7,500,000, mashine ikabaki Manyoni na wiki mbili zikapotea.

Kwa muuzaji hesabu ni ngumu zaidi, nami napenda kuionyesha kwa tarakimu. Chukua wanunuzi wawili, kila mmoja akiwa na thamani yake iliyo popote kati ya sifuri na 10,000,000, kila kiasi kikiwa na nafasi sawa, na muuzaji ambaye kitu kikibaki mikononi mwake hakina faida yoyote. Bila bei ya chini, wastani wa mapato yake ni takriban 3,330,000. Akiweka bei ya chini ya 5,000,000, wastani unapanda hadi takriban 4,170,000, lakini mara moja katika kila minada minne hauzi kabisa, kama ilivyompata Mama wa Kongwa. Roger Myerson alithibitisha mwaka 1981 namna ya kuipata bei hiyo bora, na katika mfano huu haibadiliki hata wanunuzi wakiongezeka. Sasa ondoa bei ya chini, uongeze mnunuzi wa tatu tu: wastani unakuwa 5,000,000. Jeremy Bulow na Paul Klemperer waliliweka hili kwa ujumla wake mwaka 1996, kwamba kumleta mshindani mmoja zaidi kuna faida kuliko uwezo wa kuweka bei ya chini iliyo bora kabisa. Muuzaji wa Manyoni angepiga picha za ndani ya mashine, akaeleza imekamua misimu mingapi, angewapata watu wengi kuliko anavyowapata kwa kuficha.

Na kuficha kwenyewe kumepimwa. Rama Katkar na David Reiley waliuza kadi za Pokémon kwenye eBay kwa jozi, kadi moja ikiwa na bei ya kuanzia ya wazi na mwenzake ikiwa na bei ya chini ya siri ya kiwango hichohicho. Zile za siri ziliuzwa kwa nadra zaidi na zilimletea muuzaji mapato madogo zaidi. Mashine ya alizeti si kadi, na kwa vitu vya gharama kubwa wapo wauzaji wanaonufaika kwa kuanzia chini, lakini mimi ningemshauri muuzaji wa kawaida aandike bei yake wazi.

MkamuajiWaNzuguni alirejea:

Nawashukuru sana, na mzee wangu Dalali, shikamoo. Ni kweli, nimetazama tena, panasomeka kwamba bei ya chini imefikiwa. Dada wa Kongwa, pole kwa yaliyokupata, na nimekuelewa. Sitaliondoa dau langu. Ila nakiri kwamba hii 7,500,000 niliipata kwa kuuliza bei ya mashine mpya na kupunguza theluthi, sijaiona mashine yenyewe kwa macho. Nikienda, niangalie nini?

DalaliMstaafu alijibu:

Marahaba. Nenda kesho, panda basi la asubuhi. Ulipaswa kwenda kabla ya kuandika kiwango chochote, kwa sababu kiwango kinatoka kwenye mashine, hakitoki kwenye tangazo. Lakini bado unayo siku moja, na ukikuta haifanani na maelezo yake utakuwa na sababu ya kuwaandikia wenye tovuti kabla muda haujaisha.

Mwombe mwenye nayo akamue gunia moja ukiwa umesimama pale, mashine ikiwa imeshapata moto. Usitazame mafuta kwanza, tazama mashudu. Chukua kiganja kimoja yakiwa bado ya moto, yafinye kwa nguvu, kisha fungua mkono. Yakivunjika makavu na kiganja kikabaki na vumbi, parafujo ya ndani bado ina meno. Kiganja kikibaki kinang'aa mafuta, parafujo imelika, na kila gunia utakalokamua litaondoka na mafuta yako ndani ya mashudu. Sikiliza pia mota inapoanza na mzigo, na uvitandue vitambaa vya chujio kimoja kimoja kwenye mwanga.

MkamuajiWaNzuguni alirejea:

Mnada umefungwa jana usiku. Nilikwenda Manyoni. Mashudu yalivunjika makavu mkononi mwangu, mota ilianza bila kukwama, na mwenye mashine ni mzee mmoja anayefunga kazi kwa sababu ya mgongo. Aliniambia mwenyewe kwamba 6,500,000 ni deni analodaiwa pamoja na nauli ya kwenda kwa wanawe, ndiyo maana hakutaka ishuke hapo. Ilipobaki nusu saa alitokea mtu akaandika 6,800,000, nami nikapelekwa 6,900,000 kama mlivyonieleza, na ikaishia hapo. Nimelipa kupitia tovuti, na lori litaileta Alhamisi.

Vitambaa viwili vya chujio nimevikuta vimetoboka katikati. Anayejua duka linaloviuza hapa Dodoma kwa kipimo cha mraba wa sentimita 40 anijulishe, ili nisianze msimu navyo.